Mgeni Aliyetafuta Upepo

Wiki mbili zilizopita nilisimama kaunta ya hoteli moja huku ughaibuni, mtaa wa West Bay, nikimsubiri abiria wangu, akaingia mgeni mwenye begi refu kama jeneza. Alikuwa anapanga likizo ya kuteleza juu ya maji huku akivutwa na tiara, na alitaka kisiwa chenye upepo. Meneja akamwita mbeba mizigo mmoja, Mzanzibari ninayemfahamu, ambaye meneja huyo huyo alikuwa amemnyima likizo mara mbili.

"Kwenu kuna upepo kweli?" mgeni akauliza.

"Mwaka jana uling'oa paa la jiko la mama."

Nikajua kashaharibu. Mgeni akapiga makofi.

"Huo ndio ninaoutaka! Na tiara unazijua?"

"Nimezirusha tangu utotoni," akajibu, macho kwenye zulia. Hakusema kwamba zilikuwa za mifuko ya plastiki.

"Basi twende wote, wiki mbili."

Meneja, aliyekuwa akiapa kwamba bila mtu huyu hoteli itakwama, akainama hadi tai ikagusa kaunta. "Bila shaka, bwana."

Mgeni alipopanda lifti nikamnong'oneza mwenzangu, "Mdogo wangu, kuogelea unajua?"

"Kaka, mimi nakwenda kumwona mama. Wa kuingia majini ni yeye."

Waliondoka Alhamisi. Nami nimechukua fomu yangu ya likizo, na pale penye sababu nimefuta "kumuuguza baba," nikaandika "upepo." Kwetu Dodoma, alhamdulillahi, nao unavuma.