Siku Kengele Ilipoganda Hewani

Nikienda kanisani kwetu siku hizi napita njia ya nyuma, ya migombani, na si kwa kupenda kivuli. Ni aibu. Afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wanakwaya, maana wao wanatia chumvi, na wengine wameshaniongezea hata machozi (macho yalikuwa mekundu kwa povu la sabuni, hilo nitalieleza).

Mimi ni mbeba magunia kwenye ghala moja la kahawa mjini Moshi, lakini moyoni ni fundi. Sikusomea popote. Nimejifunza kwa video za simu, chumbani kwangu mtaa wa Soweto, hapo hapo Moshi, nasimamisha, narudisha nyuma, natazama tena mpaka bando linakata. Ghalani tuna foklifti moja kuukuu ya kunyanyulia mizigo, inayotumia gesi, mtungi umelazwa mgongoni mwake kama mtoto aliyefungwa kanga, na kila ilipogoma ni mimi niliyekuwa naihangaikia bila kuombwa. Bosi wetu, Mzee Ndosi, ni mzee wa kanisa huko kwetu mlimani, juu ya Kwa Sadala, na usharika uliponunua kengele mpya akasema hakuna haja ya kukodi winchi, yeye ataazima foklifti, na dereva wake atakuwa mimi. Akaniita pembeni. Kengele ikipanda salama, Jumatatu ananikabidhi funguo za karakana ya ghala, niwe fundi rasmi. Ikimwaibisha mbele ya washarika wenzake, nisahau ufundi, nibaki na magunia yangu.

Sasa mimi nina ugonjwa mmoja: kitu kikikaribia kuwa kizuri, situlii mpaka kiwe kizuri kabisa. Jumamosi niliiosha foklifti kwa mswaki (mswaki wa meno, ndiyo, na ulikuwa wangu), kisha nikafanya mazoezi ya kunyanyua pipa la maji mchana kutwa, juu, chini, juu, chini, mpaka mlinzi akaniuliza pipa limenikosea nini. Kila kitu kilikwenda sawa. Ningekwenda nyumbani. Badala yake nikarudi nyuma hatua chache niitazame kwa mbali, nikaona maandishi ya kwenye mtungi yako kichwa chini. Yalikuwa hivyo miaka yote, lakini siku ile yalinichoma roho, nikawaza watu wazima wote wa usharika wakiinamisha shingo kuyasoma, basi nikalegeza mikanda, nikauzungusha mtungi mpaka maandishi yakanyooka, nikakaza. Kile kijichuma cha kuuzuia usizunguke kilishakatika zamani, kwa hiyo hakuna kilichonikataza. Nikawasha injini, ikanguruma, nikazima. Nililala kama mfalme.

Jumapili foklifti ikapanda mlima juu ya lori la Fuso. Baada ya ibada watu wakatoka uani kwa mnada kama kawaida, wa kununua ndizi, mayai na maziwa ambayo wenzao wameyatoa sadaka. Mnadishaji ni Baba Eliakunda, mtu ambaye sauti yake haihitaji kipaza sauti lakini wamempa hicho hicho. Kwaya nayo ilikuwa na wimbo wa siku hiyo, na ubeti wa tatu, ule wa kengele kupaa, ulitakiwa uanze kengele inapofika kileleni. Nikaingiza meno ya foklifti chini ya fremu ya kengele, nikanyanyua. Ikapanda hadi usawa wa kifua. Kwaya ikavuta pumzi. Foklifti ikakohoa, ikazimika.

Kwaya ikatoa pumzi bila wimbo.

Nikawaambia watu wasogee mbali. Nikakagua koki ya mtungi, iko wazi. Nikapaka povu la sabuni kwenye maungio yote ya mpira wa gesi kuona kama inavuja, haivuji (hapo ndipo nikajifuta jasho machoni kwa mkono ule ule). Nikafungua filta, safi. Nikatoa plagi moja moja, nikazirudisha. Nikawasha: kengele ikapanda kiganja kimoja, kwaya ikavuta pumzi, injini ikafa. Nikangoja, nikawasha tena: kiganja kingine, pumzi nyingine, kimya. Wateja wa mnada wakaacha ndizi wakaja kunizunguka, kila mmoja na ushauri wake, na Baba Eliakunda kuona biashara inamkimbia akaamua kuifuata.

"Washarika," akasema kwenye kipaza sauti, "naona kila mtu hapa ni fundi. Basi leo ushauri hautolewi bure. Atakayeshinda mnada, kijana atafanya anachosema."

Jamani, watu walipandishiana. Mkulima mmoja wa kahawa akashinda, akasema kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi kimeganda kwa baridi, kimwagiwe maji ya moto. Maji ya moto hayakuwepo, ikaletwa chupa ya chai ya wageni, na mimi, nikiwa na akili zangu, nikakimwagia chai ya maziwa yenye tangawizi. Wapi. Kiongozi wa kwaya akanunua zamu ya pili, akaamuru ubeti wa tatu uimbwe kwanza, labda kengele itaufuata. Ukaimbwa wote. Kengele haikufuata. Mara nikasikia sauti ya mama yangu ikipandisha dau, dau, dau, mpaka wote wakamwachia.

"Mwanangu," akasema, "kunywa maji kwanza."

Nikanywa, nimeegemea mtungi. Ulikuwa wa baridi kama maji ya mfereji, na nilipousukuma kidogo nikasikia gesi ikicheza ndani, chini kabisa. Gesi ipo. Ipo chini! Mtungi wa foklifti una kibomba ndani kilichopindwa kuelekea chini, kinyonye gesi ikiwa maji maji, na mimi kwa kuuzungusha nilikielekeza juu, kwenye ile nusu niliyoimaliza mwenyewe kwa kunyanyua pipa. Injini ilikuwa inapewa mvuke tu, unaotosha kunguruma, hautoshi kubeba kengele. Na yale maandishi yalikuwa yananitazama, yamenyooka vizuri kabisa.

Nikafunga koki, nikalegeza mikanda kama mtu anayekagua tu, nikauzungusha mtungi mpaka maandishi yakawa kichwa chini, nikakaza, nikafungua koki taratibu. Foklifti ikanguruma, kengele ikapanda hadi kwenye boriti ya kuitundika, vijana wakaifunga, kwaya ikaimba ubeti wa tatu mara ya pili, kwa hasira. Makofi. Mzee Ndosi akachukua kipaza sauti akaniuliza tatizo lilikuwa nini.

"Uchafu, mzee. Uchafu kwenye bomba la gesi."

Akatangaza kuwa kesho yake napewa karakana. Mama akapiga vigelegele. Ningekuwa fundi sasa hivi, kama Baba Eliakunda asingeuliza huo uchafu uko wapi, uletwe unadiwe, kwani uchafu uliowachosha wanakwaya hauwezi kutupwa hivi hivi. Watu wakacheka, kisha wakaanza kununua kweli, na aliyeshinda, kwa furaha ya siku ile, ni Mzee Ndosi mwenyewe. Akaja kwangu na kiganja wazi. Mfukoni nilikuwa na ganda la karanga. Wallahi nililishika, nikalifikiria.

"Mzee," nikanong'ona, "hakuna uchafu. Jana niligeuza mtungi ili maandishi yasomeke."

"Yasomeke na nani?"

"Na watu."

Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake. Uwanja mzima ulilala kwa kicheko, ila yeye.

"Kukosea ningekusamehe hapa hapa," akasema. "Lakini ulikuwa tayari niondoke na uongo, halafu kesho nikukabidhi gesi."

Jumatatu nilibeba magunia, na bado nabeba. Foklifti ikigoma wananiita, natengeneza, naeleza kosa ni la nani hata kama sijaulizwa, narudi kwenye magunia. Nimeapa kutogeuza kitu chochote kwa ajili ya macho ya watu kabla sijajua kwa nini kimekaa hivyo. Mzee Ndosi, kwa upande wake, alilipia ule uchafu papo hapo, na kila Jumapili kabla ya kuanza na ndizi Baba Eliakunda hutangaza kwamba kuna mteja mmoja hajapata mzigo wake, na fundi anayehusika asimame aonekane. Nasimama.