Mitalawanda ya Bibi Mfaransa

Yule Mfaransa simpendi hadi leo, na sioni haya kusema. Nilimfanyia kazi za nyumbani huko Qatar, mtaa wa Abu Hamour, na mlangoni mwake alikuwa ameweka viatu vya mti vya marehemu bibi yake. Ni mitalawanda tu, ila ya kwao huchongwa gogo zima, mguu ukaingia wote. Kila mgeni alihadithiwa: bibi alivivaa zizini akikamua ng'ombe, baridi ikizidi akavijaza majani makavu, akavivua kizingitini asiingize tope ndani. Madamu akisimulia, machozi yanamlengalenga. Alimpenda mtu wa shamba aliyekwisha kufa. Mimi niliyemshikia trei ya kahawa hata hakuniona.

Kwetu Lamu, mama yangu alikuwa na mitalawanda ya kuingilia bafuni. Mti wa kukanyagia maji, basi. Kwa hiyo siku kandambili zangu zilipokatika nikiosha ua, nilivaa vile vya mlangoni nikaendelea kusugua. Madamu akatoka.

"Vivue. Hivyo ni kumbukumbu ya bibi yangu."

"Bibi yako alikanyagia mavi ya ng'ombe, madamu. Mimi nakanyagia sabuni."

Hakupaza sauti. Heri angepiga kelele.

Mama alikuwa mgonjwa, na likizo yangu ilikuwa imeshakubaliwa. Lakini mumewe ndiye aliyekuwa kafili wangu, mdhamini wa kibali changu, na siku hizo bila ruhusa ya kafili mfanyakazi wa nyumbani hatoki Qatar. Jioni hiyo madamu aliniambia ruhusa itangoja mpaka warudi kutoka kwao Ufaransa. Nijifunze adabu kwanza, na maua yanataka maji. Nilimsihi. Nilimwambia mama hali chakula tena. Akasema kila mtu ana mama. Hasira iliyonipanda siku ile haijashuka.

Wakaenda zao kijijini kwa yule bibi. Mama akafariki. Kaka yangu alinipigia simu kutoka makaburini nisikie talakini ikisomwa, nami nimesimama na mpira wa maji mkononi, nalia, namwagilia maua ya watu.

Walirudi wamenawiri. Madamu alinikuta jikoni, akatabasamu kama aliyeniletea zawadi.

"Bwana ametoa ruhusa. Sasa nenda kamwone mama yako."

Nikamwambia ameshazikwa.

Akaangalia sinki.

"Basi likizo bado unaitaka?"