Maji Yaliyotoka na Chakula Changu

Kabla figo hazijanigomea nilikuwa mtu wa kubishana. Chuo kikuu nilibishana na wahadhiri. Likizo nikirudi Ujiji, nabishana na mama. Likizo moja mimi na mdogo wangu Saidi tulikwenda Kidahwe kufyatua matofali ya kijiji cha ujamaa. Tulilala chumba kimoja, tukaumwa na mbu walewale. Homa ikanishika mimi peke yangu.

Mkojo ukawa mweusi kama kahawa, kisha ukakatika. Uso ulivimba, nikatapika hata maji. Hospitalini Kigoma daktari akasema, "Figo zimesimama. Samaki, mayai, maharage, marufuku."

Mama aliafiki kabisa. Nyumbani kwetu aliyevimba hapewi samaki, ati kiumbe wa majini humzidishia maji.

Madaktari wakanitoboa chini ya kitovu, wakapitisha mpira. Maji ya dawa kutoka chupani yakaingia tumboni, yakakaa, yakatoka na sumu ambayo figo zilishindwa kuitoa. Kichwa kikawa chepesi. Lakini mapaja yalinyauka, miguu ikavimba upya, na nikashindwa hata kukaa kitandani.

Saidi aliyekuwa akinilinda alikula migebuka ya mawese mbele yangu. Akaenda kukojoa, akarudi akifunga mkanda. Nilimwonea wivu kwa samaki wale, nikamwonea wivu hata kwa mkojo.

"Kaka, unanitazama kama nimekuibia."

"Umeniibia. Nipe ule mgongo wa samaki uliobaki."

"Nikikupa mgongo utasema sikulindi."

Daktari alipopita nilimmalizia hasira. "Haya maji yanajuaje ipi sumu, kipi chakula?"

"Hayajui. Yanatoka na protini pia, ile inayojenga mwili." Akanibonyeza mguu, kidole kikaacha shimo. "Kwani unakula nini?"

"Uji wa muhogo anaonipikia mama, kama ulivyoagiza."

"Nilikataza kabla ya mpira! Sasa unatakiwa kula samaki na mayai kila siku."

Mama akashika kichwa. "Yaani mimi ndiye ninayemmaliza mwanangu?"

"Hapana, mama," daktari akasema. "Sisi ndio hatukukwambia."

Siku ileile mama alinichambulia mgebuka. Uvimbe ulipungua polepole. Kisha mkojo ukarudi, matone machache yanayochoma, nami nikalia kwa furaha. Mpira ukatolewa.

Namshukuru Mungu, mama na daktari yule. Ninyi mnaouguza mtu wa mpira tumboni, msifuate katazo la zamani wala mazoea ya nyumbani. Kila matibabu yanapobadilika, ulizeni upya: sasa ale nini?

Saidi hajaugua mpaka leo. Bado namwonea wivu, lakini tunakula sahani moja, na mnofu nauwahi mimi.