Matanga ya Baba Kando ya Mto

Juzi nilipita mjini Saint Paul, hapa Marekani, nikaona mahema meupe yakisimamishwa kando ya mto, nikasita njiani kabla sijajua kwa nini.

Nilikuwa msichana mdogo, na mji huu ulikuwa bado mgeni kwetu. Simu ilikuwa imeleta habari kwamba baba, aliyebaki nyumbani Uvira, Kongo, ameshazikwa. Hatukuwa na jirani wa kuja kulia nasi. Mchana mmoja mama alinishika mkono tukatoka kutembea tu, tukayakuta mahema kama hayo. Kulikuwa na viti, ngoma, harufu ya viazi vya kukaanga, na watu wengi ajabu. Nikajua ni matanga. Kwetu, hema na viti na chakula cha watu wengi vilikuwa na maana hiyo.

Mwanamke mmoja mwenye mvi aliimba peke yake, bila ala yoyote, amefumba macho. Mama aliketi kwenye nyasi, akafungua kilemba, akalia kwa sauti.

"Mama, hawa wote walimjua baba?"

"Kaa hapa, mwanangu. Tumlilie."

Baadaye nilipita nikiwapa watu mikono, nikiwashukuru kwa kuja, kama nilivyoona watoto wa marehemu wakifanya. Walitabasamu. Mmoja alinipa kibendera cha kijani.

Leo najua ilikuwa sherehe ya Waayalandi, na watu walikuwa wamefuata fidla na ngoma zao. Nadhani mama alijua tangu siku ile. Lakini matanga mengine ya baba hayakufanyika.