Mboga za Bi Luu

Bi Xuyen alitua mzega wake wa ndoo kando ya kisima, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka bustani za ng'ambo: "Luu kazeeka vibaya. Siku hizi anatia mbolea ya dukani. Saladi zake pana kama masikio ya tembo, lakini ukitafuna, maji matupu!"

"Bi Luu huyu huyu? Acha uongo, Xuyen!" mwenzake akacheka.

"Lisemwalo lipo, shoga. Muulize yule mama wa chapati za mchele. Jana karudisha kapu zima."

Thoa, mke wa mwanawe Bi Luu, alikuwa nyuma ya chanja la kutambalia maboga, mtoto kiunoni. Aliinama kana kwamba kaangusha kitu. Masikio yalimwaka moto.

Pale kijijini kila mtu alijua ladha ya mboga za Bi Luu ilitoka mtoni. Kabla ya kupanda alishuka na mtumbwi, akavuta mwani kwa reki ya mianzi, akauzika chini ya matuta uoze humo. Ndiyo maana saladi zake zilikuwa na ukali kidogo wa haradali, na mnanaa wake ulinukia kabla hujauona. Thoa alipokuja kuolewa, hata kushika ndoo ya kumwagilia hakujua. Bi Luu hakumkaripia. "Taratibu, mwanangu," alimwambia, "mboga haziwahi treni."

Kisha homa ikamlaza Bi Luu, matuta akamwachia Thoa. Mtoto alikuwa anaota meno, mume yuko mjini Da Nang kwenye ujenzi, na mwani uliolowa huvunja mgongo. Thoa hakwenda mtoni. Alinyunyiza mbolea nyeupe ya dukani aliyopewa na kaka yake, akijiambia mara moja haidhuru. Mama mkwe alipouliza kutoka kitandani, "Mwani umeshika udongo?" akajibu, "Umeshika, mama."

Na kesho ni tambiko la mboga. Kila nyumba itaweka zake mbele ya madhabahu ya wahenga, na sala zikiisha watu watakaa wazile. Atakayechekwa si Thoa.

Alimkuta Bi Luu mlangoni, amekonda, kapu la saladi mapajani, akichambua majani ya manjano.

"Umekawia. Xuyen ana habari gani?"

"Za kawaida tu, mama."

"Za kawaida kwa Xuyen ni kumnyoa mtu bila maji." Bi Luu akacheka mpaka akakohoa. Mtoto naye akacheka. Thoa peke yake alitazama chini.

Bi Luu akachagua jani changa la katikati, akalikung'uta maji, akamnyooshea.

"Tangu homa ile, ulimi wangu haujui chumvi wala sukari. Sijamwambia mtu. Onja wewe, mwanangu, uniambie kweli: zinafaa kupelekwa kwa wahenga?"