Lipu Yangu Ilivyomponza Mzee Salum

Mhariri, jina langu naomba ulifiche, maana mji wetu wa Shinyanga ni mdogo na mimi nasalimiana na kila mtu. Nina miaka arobaini na saba, mke mmoja, watoto sita, na kitambi kisicholingana na mshahara. Ni fundi mwashi.

Zamani kidogo nilimtengenezea mfanyabiashara mmoja, nimwite Mzee Salum, nyumba yake ya kupangisha. Mbele ilikuwa ya saruji, nyuma, alikoishi mwenyewe, tofali mbichi za udongo. Binti yake alikuwa anaolewa, Mzee akataka wageni wasiuone udongo. Nikapiga lipu, nikapaka chokaa, hata mimi nikasahau ndani mna nini.

Kisha serikali ikatangaza kuchukua nyumba za kupangisha zenye thamani inayozidi shilingi laki moja. Wakaguzi walipofika, Mzee alikuwa mnadani Songwa. Mimi nilikuwa pale naziba ufa, nikashikishwa futi kamba. Mkubwa wao akagonga ukuta wa nyuma.

"Kazi safi! Saruji tupu hii?"

Wasomaji, nilikuwa sijawahi kusifiwa na mtu mwenye tai. Kichwa kikavimba. "Saruji tupu, mheshimiwa. Mkono wangu huo."

Akaandika. Nyumba ikavuka kiwango, ikachukuliwa.

Sifa zile zikanipatia ajira serikalini, na ajira ikanipatia vyumba viwili vya kodi nafuu. Wapi? Upande wa mbele wa nyumba ile ile! Mzee Salum yuko nyuma, mpangaji kama mimi, analipa kodi ndani ya nyumba aliyoijenga. Huu ni mwaka wa nne. Kila asubuhi tunakutana bombani, namwamkia, naye anaitika, "Marahaba fundi, watoto wameamkaje?" Marahaba hiyo imenichosha kuliko kukoroga zege.

Wiki iliyopita akaja na karatasi. Rufaa yake ya kudai nyumba itasikilizwa.

"Fundi, wale waliona lipu wakadhani saruji. Njoo uwaambie ndani mna udongo."

Hajui kwamba waliuliza, na aliyewajibu ni mimi. Nikasema nitafikiri. Akacheka. "Unafikiri nini? Udongo umeusahau?"

Nilimweleza mama watoto yote. Akaacha mwiko, ugali ukaanza kuungua.

"Ukisema kweli, kazi huna, na Mzee akirudishiwa nyumba yake tunatoka. Tutakwenda wapi, Didia kwa mama yako, watu wanane chumba kimoja?" Akageuza sufuria. "Na ukikaa kimya, usinitume mimi kumsalimia."

Jumatatu Mzee anataka jibu aandike jina langu kama shahidi. Naweza kusema ni udongo, nikalimeza lile nililomjibu mkaguzi, huenda wasiulize. Lakini Mzee atanishika mkono anishukuru, na hapo sijui uso nitauweka wapi. Nimechoka, ndugu zangu. Nishaurini: nimwambie yeye kwanza, tukiwa wawili, au nikaseme mbele ya wote naye amekaa pale ananisikiliza?