Sufuria ya Mama Mkwe na Besi wa Chini ya Nyumba

Mama mkwe wangu na samaki wangu walifika Buffalo siku moja, ndani ya gari moja. Shemeji yangu alimchukua mama yake Louisville, wakalala kwake Columbus, na asubuhi akapitia kwa mfugaji mmoja wa huko Ohio kunichukulia vifaranga vya besi, samaki wa kufugwa wa huku, nilivyoagiza. Mlango wa gari ulipofunguliwa mbele ya nyumba yetu ya Black Rock, nilimwona mama amekaa nyuma, uso ameukunja, mapajani amepakata mfuko wa plastiki uliojaa maji na samaki wadogo wakizunguka. Miguuni pake kulikuwa na sufuria iliyofungwa kwa kitenge.

"Aksanti Mungu, tumefika," akasema. "Ondoa vitu vyako hivi. Vimeniangalia njia yote."

Sufuria ile ndiyo iliyoniuma. Miye ni mtoto wa Uvira, nimekulia kando ya ziwa, na kwetu ugali bila samaki ni adhabu. Mume wangu ni wa milimani, ukoo wa wachungaji, watu wa maziwa. Kwao zamani samaki hakuliwa, na mtu aliyejiheshimu hakula kilichopikwa katika sufuria iliyopitiwa na samaki. Mume wangu mambo hayo aliyaachia kambi ya wakimbizi, maana njaa haina ukoo. Mama yake hakuyaacha. Tangu mwanawe anioe, hakuwahi kuonja chakula cha mkono wangu, na sasa alikuwa amekuja kuishi nasi na chombo chake. Donc, jiko moja, sufuria mbili, kama wake wenza wasiosalimiana. Nilitaka ale kwangu. Nilitaka sana, hadi nikaona haya kuitamani sahani moja namna ile.

Samaki niliwaweka bezimenti, chumba cha chini ya nyumba, katika tangi kubwa la plastiki. Pampu inapandisha maji yao kwenye masanduku ya changarawe, na humo nilipanda maharage na lengalenga chini ya taa. Uchafu wa samaki unalisha mimea, mimea inasafisha maji, maji yanarudi kwa samaki. Mume wangu husema ndicho kitu pekee nyumbani kinachofanya kazi bila kulalamika.

Mama alishuka kuona, akauliza hii ni samaki gani. Nikamweleza kwamba ni besi chotara, baba aina moja, mama aina nyingine, ndiyo maana mistari ya ubavuni imekatika-katika.

"Chotara," akasema. "Bon. Kama wajukuu zangu."

Sikujua kama nimetukanwa au nimesifiwa.

Baridi ikaja. Sisi kazini, watoto shuleni, mama peke yake na theluji dirishani. Akahamishia kiti bezimenti. Jioni moja nilirudi kutoka kwa wazee ninaowahudumia nikamsikia huko chini anaimba wimbo wa kuita ng'ombe. Na besi walivyo walafi wasio na haya, wakisikia tu hatua zake walipanda juu wakirusha maji hadi ukutani. Alimjua kila mmoja kwa mistari yake, vile kwao walivyojua ng'ombe kwa madoa, na akawapa majina: Malkia, Mtoro, Bwana Harusi, Asiyeshiba. Nikisema "yule mkubwa," ananikatiza: "Ana jina." Binti yangu mdogo akauliza kwa Kiingereza chake bibi atawakamua lini. Nilipomtafsiria, mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Kisha maharage yangu yakaanza kukauka majani. Nikabadilisha taa, nikasafisha pampu, wapi! Siku moja nikashuka ghafla nikamkuta mama ameinamia tangi, paketi ya chumvi mkononi, anamwaga polepole huku akiwabembeleza.

"Mama! Unafanya nini?"

"Ninawapa chumvi. Mnyama bila chumvi atanenepa namna gani?"

Yesu wangu! Na samaki kweli walikuwa wamenona, besi hawa chumvi kidogo haiwasumbui. Ni maharage yangu yaliyokuwa yanakufa. Hasira ikanipanda.

"Hawa si ng'ombe, Mama! Ni samaki! Ni chakula changu, chakula ambacho wewe hata kukigusa hutaki!"

Ilikuwa sauti ambayo mkwe hampandishii mkwe. Akaiweka paketi chini taratibu.

"Najua si ng'ombe," akasema. "Ng'ombe zangu ninajua mahali zilikufia. Lakini asubuhi nikiamka, hawa ndio wananingoja."

Nikakaa kwenye ngazi, machozi yakanitoka. Kisha nikaleta ndoo. Tukawa tunapunguza maji ya chumvi na kuongeza mengine, kidogo kidogo, siku baada ya siku, yeye mpini upande huu, miye upande ule. Hatukuombana radhi. Maharage tulipanda mapya, na chumvi nikaihamishia kabati la juu.

Besi hawakui upesi. Baridi ya pili ilikuwa imekwisha, Pasaka inakaribia, ndipo shemeji alipopiga simu kwamba anakuja na familia yake kula samaki aliowasafirisha mwenyewe. Nikaogopa. Nani atamwambia mama? Nilishuka na wavu kimyakimya, kumbe yuko nyuma yangu.

"Asiyeshiba kwanza," akasema. "Halafu Mtoro. Malkia mwache."

Binti yangu akaangua kilio.

"Nyamaza, mwana wangu. Ng'ombe zetu pia zilikuwa na majina, na mgeni akija alikula."

Jikoni, mchuzi wa nyanya na mawese ukiwa tayari, Asiyeshiba akakataa kuingia katika sufuria yangu. Mkia nje kabisa. Nikashika kisu nimkate. Mama akatoka, akarudi na sufuria yake, pana, inang'aa, akaiweka juu ya moto.

"Weka humu."

"Mama, itanuka samaki. Harufu haitoki."

"Nina pua."

Tulikula. Shemeji alisifu mpaka akaanza kujisifu yeye mwenyewe kwa kuwaleta. Mama alikaa mezani mikono mapajani, hakugusa kitu. Nikamsogelea, nikamuuliza kwa sauti ya chini: maharage yako ya kila siku sasa utayapikia wapi?

Akaitazama sufuria yangu, akaitazama yake.

"Zote zinanuka," akasema. "Unataka nife njaa? Leta sahani."

Nikampakulia kichwa, maana kwetu ziwani kichwa ni cha mkubwa. Akakiangalia, nacho kikamwangalia, kama ile safari yote kutoka Columbus.

"Asiyeshiba," akasema, "unisamehe." Akamega ugali, akachovya.